KIBATI KISICHO NA JINA

Vita Kuu ya Pili ilikwisha katika Ulaya mwezi wa Mei 1945, lakini ardhi ya huko haijaacha kuvitapika vyombo vyake. Kila mwaka plau ya mkulima wa Poland, tingatinga la wajenzi wa barabara katika Urusi, au sururu ya mtu anayechimba msingi wa nyumba Ufaransa, hugonga kofia ya chuma, mkebe wa kulia chakula, singe iliyoliwa na kutu, bizimu ya mkanda. Vingi katika vyombo hivyo vilikuwa vya jeshi la Ujerumani. Vikishatolewa udongoni huwa na njia mbili mbele yake. Ama vitakwenda sokoni, viuzwe kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Ama atatokea mtu wa kuuliza: Je, chombo hiki kilikuwa cha nani?

Twataka leo kulieleza swali hilo na kazi inayofanywa ili kulijibu. Msomaji atatuuliza naye: Mfanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam ana shauri gani na kofia ya Mjerumani aliyekufa katika matope ya Urusi? Swali hili ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujaweka kalamu chini.

Tuanze na kibati. Askari wa Ujerumani katika vita vile alipewa kibati cha umbo la yai, cha alumini au cha zinki, na baadaye hata cha chuma, akivae shingoni kwa kamba. Katikati kilipigwa mstari wa matundu membamba ili kiweze kuvunjwa vipande viwili kwa mkono. Maandishi ya kipande cha juu na ya kipande cha chini yalikuwa yale yale. Askari akifa, kipande cha chini kilivunjwa kikapelekwa pamoja na taarifa ya kifo chake. Kipande cha juu kiliachwa shingoni mwake, azikwe nacho, ili yeyote atakayemfukua siku za mbele apate kumjua.

Lakini jina lake halimo. Mtu asiyejua hukipangusa kibati, akakigeuza huku na huku, akatafuta jina asilione. Atakachokiona ni herufi chache zilizofupishwa za kikosi, nambari, na aghalabu herufi ya kundi la damu. Jina lenyewe liliandikwa penginepo, katika daftari la kombania, mbele ya nambari ile. Kwa hiyo kibati ni kama ufunguo: mlango uko mbali nacho, na mlango ukiungua, ufunguo ni kipande cha chuma tu.

Hapo pana mtego mwingine unaowanasa wengi. Kikosi kilichoandikwa katika kibati si lazima kiwe kikosi alichofia askari. Mara nyingi ni kile alichoandikishwa kwanza, kikosi cha mafunzo karibu na kwao, ambako alipewa viatu, bakuli na nambari. Baadaye alihamishwa mara mbili, mara tatu, akaumia, akatibiwa, akatupwa upande mwingine wa vita, na kibati chake kikabaki kikitaja kambi ya siku ya kwanza. Anayekisoma kwa haraka atamtangaza mtu kuwa alipigana mahali asipopata kukanyaga.

Daftari za kombania zilikuwa na pacha wake mjini Berlin. Tarehe 26 Agosti 1939 wakuu wa jeshi walifungua ofisi ya kutunza habari za askari watakaokufa na watakaotekwa. Poland ilivamiwa tarehe 1 Septemba. Twaomba msomaji asiipite habari hii upesi: ofisi ya kuhesabu maiti ilikuwa tayari na makarani wake, kalamu na kadi, siku sita kabla ya risasi ya kwanza. Ni kweli kwamba mapatano ya Geneva ya 1929 yaliwataka wawe na ofisi ya habari za mateka. Lakini ni kweli pia kwamba aliyeifungua siku ile alijua vema anakokwenda.

Kila kikosi kilipeleka huko orodha ya vibati vilivyotolewa, na tena taarifa za mabadiliko: fulani amehamishwa, fulani amelazwa, fulani hajulikani alipo. Mwaka 1943, kwa kuogopa mabomu, ofisi ilihamishiwa Thüringen. Aprili 1945 Wamarekani waliikuta huko wakaishika. Ikapelekwa karibu na Kassel, na mwaka 1946 ikarudishwa Berlin chini ya uangalizi wa Wafaransa. Tangu tarehe 1 Januari 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Jengo ilimokaa ofisi hiyo, huko Reinickendorf, hapo zamani lilikuwa kiwanda cha silaha. Ofisi hiyo ina kadi zaidi ya milioni 18, kila kadi mtu mmoja.

Wasomaji wetu walio makarani, ambao kazi yao husemwa kuwa ni ya kukaa kitini tu, na waitazame kazi ile. Katika nchi iliyobomoka, yenye njaa, ambayo kila kitu kilichoweza kuungua kilitiwa jikoni ili watu waote moto, watu walibeba kadi hizo kutoka mji hadi mji bila kuzichanganya. Kwa ajili ya kadi hizo mjane aliweza kupata cheti cha kifo cha mumewe, naye akaweza kudai pensheni au kuolewa tena.

Thamani ya karatasi huonekana zaidi mahali zilipoungua. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Uingereza ziliupiga mji wa Potsdam, na hifadhi ya nyaraka za jeshi ikateketea. Humo mlikuwa na habari za askari wa Prussia waliopigana vita vya 1914 hadi 1918. Habari za askari wa Bavaria zilikuwa Munich, nazo zipo hata leo. Basi zikiokotwa leo singe mbili za vita hivyo vya kwanza katika shamba moja la Ufaransa, ya Mbavaria na ya Mprussia, yawezekana kumfuata mwenye ile ya kwanza hadi kijijini kwake, na yule wa pili asipatikane kamwe. Wote wawili walikuwa watoto wa watu.

Vyombo vingine havina daftari, navyo vyataka akili zaidi. Chema kuliko vyote ni kitabu cha mshahara, ambacho askari alikitia katika mfuko wa kifuani: jina, cheo, nambari ya kibati, vikosi alivyopitia, chanjo alizochanjwa, viatu alivyopewa, na jina la mzazi au mke wa kupelekewa habari. Lakini karatasi haikai udongoni; vitabu vilivyosalia vingi ni vile vilivyochukuliwa na askari wa Marekani na wengineo kama kumbukumbu, vikalala sandukuni hata wajukuu walipofungua sanduku. Barua nazo hazitaji mahali. Zina nambari ya posta ya vita yenye tarakimu tano, na nambari hiyo yahitaji kitabu cha kuifumbulia. Mikebe ya chakula na vijiko mara nyingi vina jina lililokwaruzwa kwa msumari, kwa maana kambini mwizi wa kijiko hakosekani. Kofia ya chuma yaweza kuwa na jina lililopakwa rangi kwa ndani. Hapo napo tujihadhari: kofia ilirudishwa ghalani, ikapewa mwingine, na jina lililomo laweza kuwa la mtu aliyerudi kwao salama akafa mzee kitandani. Na jina lenyewe likiwa Müller au Schmidt, bila tarehe ya kuzaliwa, ni sawa na kumtafuta Juma mwana wa Ali katika pwani yetu yote.

Sasa tuseme habari ya soko, maana hapo ndipo ubaya ulipo. Vyombo vya jeshi la Hitler vina wanunuzi duniani kote, na hasa vyombo vya SS, lile jeshi la chama cha Nazi. Penye fedha hapakosi wachimbaji wa usiku. Katika misitu ya Urusi watu hao huitwa wachimbaji weusi, si kwa rangi yao bali kwa kazi yao ya gizani. Huja na mashine ya kunusa chuma, hufukua, hutoa kibati, bizimu na nishani, na mifupa huitupa kando. Kibati huuzwa mjini, huuzwa tena nchi nyingine, na mwisho hutundikwa ukutani mwa mtu anayejiita mpenda historia. Zaidi ya hayo wako wafua bati wanaotengeneza vibati vya uongo na kuvifukia ili vipate kutu ya kuaminika.

Msomaji na afahamu kilichotendeka hapo. Kibati kilichookotwa kizima, hakikuvunjwa, pamoja na mifupa, ni habari nzito: aghalabu maana yake hakuna mwenzake aliyemzika wala kutoa taarifa ya kifo chake. Nyumbani kwao aliandikwa kuwa hajulikani alipo. Maadamu kibati kilikuwa juu ya mifupa ile, palikuwa na watu wawili waliokuwa tayari kujibiwa, maiti na aliyemngoja. Kibati kikiondolewa bila kuandikwa mahali kilipotoka, nambari itasomeka, hata jina litapatikana Berlin, lakini hakuna ajuaye tena ni mifupa ipi. Mifupa nayo, ikipatikana baadaye na watu wema, itazikwa chini ya jiwe lisemalo kwamba hapa pamelala askari wa Ujerumani asiyejulikana. Aliyeuza kibati ameuza kitu kisichokuwa chake, na aliyenunua hawezi kukirudisha hata akitaka.

Watu wema hao wapo, wa pande zote mbili za vita. Chama cha Volksbund, kilichoundwa mwaka 1919 kutunza makaburi ya vita ya Wajerumani, kilipata ruhusa ya kufanya kazi Urusi kwa mapatano ya mwaka 1992. Wafanyakazi wake huandika mahali pa kila kaburi, huipima mifupa, hutazama meno, huorodhesha kila kilichokutwa, kisha hupeleka nambari ya kibati Berlin. Huko karani hufungua kadi. Jibu laweza kuchukua miezi mingi. Karibu na Volgograd, mji ulioitwa Stalingrad, wamefungua makaburi ya Rossoshka mwaka 1999. Na ng'ambo ya njia wamelala askari wa Kisovieti, waliofukuliwa na vijana wa Urusi wanaojitolea kuwatafuta babu zao.

Kazi ya vijana hao ni ngumu kuliko ya Wajerumani. Askari wa Kisovieti alipewa kichupa cha eboniti cheusi chenye karatasi ndani, aandike jina lake na la kwao. Wengi waliiacha karatasi tupu, wakisema kwamba anayeandika hujiitia kifo. Na mwezi wa Novemba 1942 vichupa vikafutwa kabisa. Hivyo yule aliyeivamia nchi ana nambari shingoni, na yule aliyekuwa akiilinda nchi yake hana. Twasema hivi ili watu wasidhani kwamba kujulikana baada ya kufa ni malipo ya haki. Ni malipo ya karatasi.

Lakini jina likipatikana kazi haijakwisha. Wako wanaodhani kwamba kumrudishia mjukuu kofia ya babu yake ni tendo la huruma tu, lisilohitaji maneno mengine. Sisi hatukubali. Jeshi lile halikwenda Urusi na Poland kutembea. Anayemtafuta mwenye kofia hujua pia kikosi chake, na kikosi kina njia kilizopita, na njia hizo zina vijiji vilivyochomwa. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa jeshini kwa amri huenda hakumwua mtu asiye na silaha, huenda alimwua. Mjukuu apewe kofia pamoja na habari ya kikosi, zote mbili kwa mkono mmoja. Wako watakaokataa kupokea, nao tuwaache.

Kwamba vyombo hivi vyaweza kushuhudia ukatili, tuna mfano unaowahusu Waafrika. Mwezi wa Juni 1940, karibu na Lyon katika Ufaransa, mahali paitwapo Chasselay, askari wa Afrika ya Magharibi waliokuwa katika jeshi la Wafaransa walipigana mpaka risasi zikaisha. Wajerumani waliwatenga na wenzao weupe, wakawapeleka uwanjani, wakawafyatulia bunduki za vifaru. Waliouawa uwanjani hapo walikuwa wapatao 50. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba huo ulikuwa uovu wa SS. Kisha albamu ya picha ya askari mmoja wa Kijerumani ikauzwa mnadani, na aliyeinunua hakuitundika ukutani, bali aliipeleka kwa wanahistoria. Ndani yake mna picha za tendo lenyewe. Zilipochunguzwa pamoja na kitabu cha mwendo wa vikosi, ikabainika kwamba wauaji walikuwa askari wa vifaru wa jeshi la kawaida, lile ambalo baada ya vita lilijisifu kuwa mikono yake ni safi. Mwanahistoria Julien Fargettas aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 2020. Waliouawa wamezikwa hapo Chasselay katika makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1942, yaliyojengwa kwa mtindo wa Afrika, na baadhi yao majina yao hayajulikani.

Sasa tunalijibu lile swali la mfanyakazi wa bandari.

Jeshi la Ujerumani lilikuwa hapa pia, na vyombo vyake viko hapa. Mzinga mmoja wa manowari ya Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, unasimama hata leo katika Ngome ya Yesu Mombasa. Na habari ya kutafuta wenye vyombo tunayo ya kwetu. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 ambao mishahara yao ilikuwa haijalipwa. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali huyo, Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa waliosalia. Inasimuliwa vitabuni kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918; wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na mlipaji hakujua amwamini nani. Basi akampa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Wasimulizi wa Ulaya huipenda sana hadithi hii, nao huisimulia kama habari ya uaminifu. Sisi twaiona kwa namna nyingine. Amri iliyokaa mwilini mwa mtu kwa miaka karibu hamsini haikuingia kwa mapenzi peke yake. Iliingia kwa kiboko pia. Wala hatusahau kwamba jeshi hilo hilo ndilo lililoteketeza mashamba na maghala ya Kusini katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Hata hivyo wazee wale walikuwa na deni lao, na walistahili kulipwa. Karatasi ilipokosekana, mwili ukawa daftari.

Lakini mpagazi je? Mpagazi hakufundishwa gwaride. Alitolewa kijijini kwake kwa nguvu, akatwishwa sanduku la risasi au gunia la unga, akatembea mpaka akaanguka. Kama angefika Mwanza mwaka ule na kupewa ufagio, angeuweka kichwani. Fedha zile zilikuwa za askari, na hadithi ile haimtaji mpagazi hata kwa neno moja.

Upande wa Waingereza haukuwa bora. Mtaa wetu wa Kariakoo umechukua jina lake kwa kikosi chao cha wapagazi kilichopiga kambi hapo, na Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na huenda hata 350,000, waliokufa wakitumikia upande wa Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Hesabu hiyo ina pengo la watu zaidi ya laki mbili katikati yake, kwa sababu aliyekuwa akihesabu magunia hakuona haja ya kuwahesabu wabebaji.

Kwa hiyo wananchi walioko Moshi, Tanga, Mahenge, Masasi na kila mahali vita vile vilipopita, wakikuta risasi kongwe, kifungo, sahani au kipande cha chuma chenye maandishi, wasikisugue wala wasikiuze kwa mpita njia. Risasi au kombora lisiguswe, polisi waitwe. Vinginevyo iandikwe siku, shamba, na kina kilipokutwa chombo, na habari ipelekwe kwa ofisa utamaduni wa wilaya au Makumbusho ya Taifa. Pakiwa na mifupa, pasichimbwe zaidi. Kisha aulizwe mzee wa kijiji hicho ni nani wa ukoo gani aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, na jina lake liandikwe katika karatasi hiyo hiyo, pamoja na jina la baba yake na la kijiji, kwa wino.